Asilimia ya Nani? Jedwali la Pande Mbili na Marudio ya Uwiano Yenye Sharti

Takwimu nyingi zinazochapishwa magazetini, zinazotajwa bungeni na zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo za zahanati huandikwa kwa asilimia, na msomaji huzipokea kana kwamba asilimia ni kitu kilichokamilika chenyewe, ilhali kila asilimia ni sehemu ya jumla fulani, na jumla hiyo isipotajwa, tarakimu iliyoandikwa haiwezi kupimwa wala kubishiwa. Kugawanya namba moja kwa nyingine hakumsumbui mtu aliyemaliza shule ya msingi. Kinachowasumbua hata wasomi ni kujua namba ipi igawanywe kwa ipi, na hilo ndilo suala litakaloshughulikiwa katika mhadhara huu. Chombo kitakachotumika ni jedwali la pande mbili, yaani jedwali linalowagawa watu au vitu kwa sifa mbili kwa wakati mmoja, na mfano utakaofuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho ni wa utafiti wa kitabibu uliofanyika Afrika Mashariki, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1954 na hadi leo hayajaacha kutajwa katika vitabu vya biolojia.

1. Chanzo cha jedwali

Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alishiriki mwaka 1949 katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akaitumia nafasi hiyo kukusanya sampuli za damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Miongoni mwa mambo aliyoyapima ni hali ya seli mundu, ambayo hutokana na badiliko dogo la kurithi katika hemoglobini, yaani ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Mtoto hupokea nakala moja ya jeni ya hemoglobini kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Akipokea nakala mbili zenye badiliko hilo hupata ugonjwa wa seli mundu, na akipokea moja tu huwa mbebaji, ambaye kwa kawaida huishi bila dalili. Allison aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi katika jamii zilizoishi karibu na pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria imeshamiri, na walikuwa haba sana katika nyanda za juu zenye baridi.

Hapo ndipo lilipozuka swali zito. Ikiwa watoto wengi wenye ugonjwa wa seli mundu walikuwa wakifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa, jeni hiyo ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi hadi itoweke, lakini badala ya kutoweka ilikuwa imeenea kwa kiwango kikubwa. Daktari E. A. Beet alikuwa amekwisha kuona huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, dalili kwamba wenye seli mundu walionekana kuwa na vimelea vya malaria kwa nadra kuliko wenzao. Allison alikusudia kuijaribu dhana kwamba ubebaji humkinga mtoto dhidi ya malaria, na kwamba kinga hiyo ndiyo inayoidumisha jeni licha ya vifo inavyosababisha.

Watoto waliochunguzwa walikuwa Waganda 290, wenye umri wa kuanzia miezi mitano hadi miaka mitano, karibu na Kampala. Kila mtoto alichunguzwa damu kwa njia mbili. Tone moja liliwekwa juu ya kioo chembamba, likafunikwa na kunyimwa oksijeni kwa kemikali, kwa kuwa chembe nyekundu za mbebaji zikikosa oksijeni hupinda na kuchukua umbo la mundu, na umbo hilo huonekana chini ya hadubini. Tone jingine lilipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ili kutafuta vimelea vya malaria. Kwa hiyo kila mtoto alipata majibu mawili, la ubebaji na la vimelea, na kwa kuwa kila jibu lilikuwa ama ndiyo ama hapana, watoto wote walijigawa katika makundi manne yasiyoingiliana:

| | Wenye vimelea | Wasio na vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wabebaji | 12 | 31 | 43 |
| Wasio wabebaji | 113 | 134 | 247 |
| Jumla | 125 | 165 | 290 |

2. Sehemu za jedwali na majina yake

Mistari inayokwenda kulia na kushoto huitwa safumlalo, na ile inayokwenda juu na chini huitwa safuwima. Mahali safumlalo moja inapokutana na safuwima moja ni kisanduku, na idadi iliyoandikwa ndani ya kisanduku huitwa marudio, kwa maana ya mara ngapi hali hiyo imejitokeza. Idadi za jumla zilizo kwenye ukingo wa kulia na ukingo wa chini huitwa marudio ya pambizo, kwa sababu zimekaa pambizoni mwa jedwali kama maelezo yanavyokaa pambizoni mwa ukurasa, na kazi yake ni kueleza kila sifa peke yake bila kuihusisha na ile nyingine.

Marudio yakigawanywa kwa jumla fulani hugeuka kuwa marudio ya uwiano, ambayo huandikwa kwa desimali, kwa sehemu au kwa asilimia. Zipo aina tatu za marudio ya uwiano, na tofauti yake yote iko katika kigawanyo. Aina ya kwanza ni ya pamoja, ambapo idadi ya kisanduku hugawanywa kwa jumla kuu, yaani 290 katika mfano huu. Aina ya pili ni ya pambizo, ambapo idadi ya ukingoni hugawanywa kwa jumla kuu hiyohiyo; kwa mfano, 43 kugawanya kwa 290 ni asilimia 14.8, na hicho ndicho kiwango cha wabebaji miongoni mwa watoto wote, wakati 125 kugawanya kwa 290 ni asilimia 43.1, na hicho ni kiwango cha wenye vimelea. Aina ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu, ni marudio ya uwiano yenye sharti, ambapo idadi ya kisanduku hugawanywa kwa jumla ya safumlalo yake au ya safuwima yake pekee. Jina hilo linatokana na kwamba kabla ya kuhesabu huwekwa sharti: watu wasiotimiza sharti huondolewa kabisa katika hesabu, na kundi linalobaki ndilo linalokuwa jumla mpya.

3. Namba 12 na majibu yake matatu

Umuhimu wa kuchagua kigawanyo hudhihirika kisanduku kimoja kinapochunguzwa kwa karibu. Katika jedwali la Allison kisanduku cha wabebaji wenye vimelea kina watoto 12, na hao 12 hawabadiliki hata hesabu ifanywe vipi. Wakigawanywa kwa 290, jibu ni asilimia 4.1, maana yake ni kwamba kati ya watoto wote waliochunguzwa, asilimia 4.1 walikuwa wabebaji na papo hapo walikuwa na vimelea. Wakigawanywa kwa 43, jibu ni asilimia 27.9, maana yake ni kwamba kati ya wabebaji, asilimia 27.9 walikuwa na vimelea. Wakigawanywa kwa 125, jibu ni asilimia 9.6, maana yake ni kwamba kati ya watoto wenye vimelea, asilimia 9.6 walikuwa wabebaji.

Majibu yote matatu ni sahihi kihesabu, lakini ni moja tu linalojibu swali la mtafiti. Allison alitaka kujua kama kuwa mbebaji kunapunguza nafasi ya mtoto kukutwa na vimelea. Basi ubebaji ni jambo linalotangulia, kwa kuwa mtoto huzaliwa nao, na vimelea ni jambo linalofuata. Kutokana na mpangilio huo, sharti linapaswa kuwekwa kwenye ubebaji, na hesabu ifanywe ndani ya kila safumlalo: wabebaji kwa wabebaji, wasio wabebaji kwa wasio wabebaji. Miongoni mwa wasio wabebaji, 113 kati ya 247 walikuwa na vimelea, yaani asilimia 45.7. Ulinganisho unaotakiwa, kwa hiyo, ni wa asilimia 27.9 dhidi ya asilimia 45.7, na katika ulinganisho huo kinga inaonekana waziwazi, kwani kiwango cha vimelea kwa wabebaji ni takriban tatu kwa tano tu ya kiwango cha wenzao, au kwa lugha nyepesi, sita kwa kila kumi.

Hesabu za namna hiyo zina njia rahisi ya kujihakiki. Asilimia zote za safumlalo moja zikijumlishwa lazima zifike 100: miongoni mwa wabebaji, 27.9 na 72.1, miongoni mwa wasio wabebaji, 45.7 na 54.3. Asilimia za safumlalo mbili tofauti, kama 27.9 na 45.7, hazina sababu ya kufika 100 zikijumlishwa, na anayezijumlisha amekwisha kusahau sharti aliloliweka.

4. Jinsi uhusiano unavyotambuliwa

Kama ubebaji na vimelea vingekuwa mambo mawili yasiyohusiana, kujua kwamba mtoto ni mbebaji kusingebadilisha chochote katika makisio ya vimelea vyake, na kiwango cha vimelea kingekuwa kilekile katika safumlalo zote mbili, yaani kile cha pambizo cha asilimia 43.1. Hapo wabebaji wenye vimelea wangetarajiwa kuwa asilimia 43.1 ya 43, ambayo ni watoto 18 au 19, lakini waliopatikana ni 12. Tofauti kati ya idadi iliyotarajiwa na idadi iliyopatikana ndiyo dalili ya uhusiano, na kanuni ya jumla ni kwamba sifa mbili zinahusiana pale ambapo marudio yenye sharti yanatofautiana kutoka safumlalo moja hadi nyingine, na hazihusiani pale yanapolingana au kukaribiana sana.

Swali linalofuata kwa msomaji makini ni kama tofauti hiyo haikuweza kutokea kwa bahati tu, hasa kwa kuwa wabebaji walikuwa 43 pekee. Kipimo cha kawaida cha takwimu kinachotumika kwa jedwali la visanduku vinne huonyesha kwamba tofauti ya kiasi hicho au zaidi ingejitokeza kwa bahati tupu katika takriban mara 3 kwa kila 100, ikiwa kweli hapakuwa na uhusiano wowote. Huo ni ushahidi wa kutosha kuichukua dhana kwa uzito, ingawa hautoshi kufunga mjadala, na Allison mwenyewe hakuishia hapo.

5. Hatari ya kuligeuza sharti

Kosa linalotokea mara nyingi katika kusoma majedwali ni kuligeuza sharti, yaani kuchukua asilimia ya wabebaji miongoni mwa wenye vimelea na kuisoma kana kwamba ni asilimia ya wenye vimelea miongoni mwa wabebaji. Katika jedwali hili, 113 kati ya watoto 125 wenye vimelea hawakuwa wabebaji, yaani asilimia 90.4, na mwandishi mwenye haraka angeweza kuandika kichwa cha habari kwamba watoto tisa kati ya kumi wanaougua malaria hawana jeni ya seli mundu, kisha akahitimisha kwamba jeni hiyo ni kinga karibu kamili. Hitimisho hilo halina msingi, kwa sababu wasio wabebaji ni 247 kati ya 290, sawa na asilimia 85.2 ya watoto wote. Wangekuwa wengi miongoni mwa wenye vimelea hata kama ubebaji usingekinga chochote. Kinachostahili kutazamwa ni kwamba 90.4 imezidi 85.2, na ziada hiyo ndogo ndiyo inayobeba habari, wala si ukubwa wa 90.4 yenyewe.

Kosa la aina hiyo hujirudia katika mambo mengi ya umma. Taarifa ikisema kwamba sehemu kubwa ya waliopata ajali za pikipiki ni vijana wa kiume, haijasema kwamba vijana wa kiume huendesha vibaya kuliko wengine, mpaka ijulikane ni sehemu gani ya madereva wote wa pikipiki walio vijana wa kiume. Kadhalika, kuwepo kwa waliochanjwa miongoni mwa wagonjwa wa ugonjwa fulani hakuonyeshi kwamba chanjo imeshindwa, kwa kuwa mahali ambapo karibu kila mtu amechanjwa, hata wagonjwa wachache watakaopatikana watakuwa na waliochanjwa ndani yao. Katika mifano yote miwili, hesabu huwekwa sawa kwa kurudi kwenye jedwali na kuhesabu ndani ya kundi linalozungumziwa.

6. Jedwali linaloruhusu sharti la upande mmoja tu

Katika sehemu ya pili ya utafiti wake Allison alifanya jaribio la watu wazima Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wakiwa wabebaji na 15 wasio wabebaji, ambao waliambukizwa malaria kwa makusudi na kufuatiliwa. Jaribio la namna hiyo leo lingepitia kwanza kamati za maadili ya utafiti, ambazo wakati ule hazikuwepo kwa sura inayojulikana sasa. Matokeo yalikuwa haya: kati ya wabebaji 15, wawili tu ndio waliopata vimelea, yaani asilimia 13.3, na kati ya wasio wabebaji 15, waliopata vimelea walikuwa 14, yaani asilimia 93.3.

Marudio hayo yenye sharti la ubebaji yanasomeka bila tatizo. Lakini mtu akiamua kugawanya kwa safuwima, atapata kwamba wabebaji walikuwa 2 kati ya 16 waliopata vimelea, yaani asilimia 12.5, na asilimia hiyo, ijapokuwa imehesabiwa sawasawa, haielezi chochote kuhusu Wajaluo kwa jumla, kwa sababu idadi ya wabebaji ilipangwa na mtafiti mwenyewe. Mtafiti angechagua wabebaji 150 na wasio wabebaji 15, na viwango vya maambukizi vikabaki vilevile, wabebaji wenye vimelea wangekuwa 20 na wasio wabebaji wangebaki 14. Ghafla wabebaji wangekuwa asilimia 58.8 ya waliopata vimelea, bila maumbile ya damu kubadilika hata kidogo. Kwa hiyo, kabla ya kuweka sharti, msomaji anapaswa kuuliza ni pambizo ipi iliyopatikana yenyewe na ni ipi iliyopangwa. Jedwali la watoto wa Kampala, ambamo watoto walichunguzwa kwanza na kugawanywa baadaye, linaruhusu kusomwa pande zote mbili. Jedwali la jaribio linaruhusu upande mmoja. Na katika tafiti za hospitali ambamo wagonjwa huchaguliwa kwanza, kisha watu wenye afya wakatafutwa ili walinganishwe nao, kiwango cha ugonjwa hakiwezi kabisa kusomwa kutoka kwenye jedwali, maana ni mtafiti aliyeamua wagonjwa wawe wangapi.

7. Kigezo cha tatu kinachojificha

Jedwali la pande mbili linaonyesha sifa mbili tu, ilhali maisha yana sifa nyingi, na sifa ya tatu isiyoonekana inaweza kuigeuza picha nzima. Mfano mashuhuri ni wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambako takwimu za udahili wa masomo ya uzamili za mwaka 1973 zilionyesha kwamba kati ya waombaji wanaume 8,442 waliokubaliwa walikuwa takriban asilimia 44, na kati ya waombaji wanawake 4,321 waliokubaliwa walikuwa takriban asilimia 35. Takwimu hizo zilipochambuliwa idara kwa idara, pengo hilo dhidi ya wanawake halikuonekana tena kwa jumla, kwa kuwa wanawake wengi waliomba nafasi katika idara zilizokuwa na ushindani mkali, ambazo ziliwakataa wengi bila kujali jinsia. Sharti la jinsia peke yake lilikuwa limeificha idara.

Kwa watoto wa Kampala sifa ya namna hiyo ni umri, kwa sababu katika maeneo ya malaria mtoto hujijengea kinga taratibu kadiri anavyokua, na kama wabebaji wangekuwa wa umri tofauti na wenzao, sehemu ya tofauti iliyoonekana ingetokana na umri. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuwachunguza watoto wadogo, ambao kinga yao bado haijaimarika. Isitoshe, jina la safuwima lenyewe lina uzito wake: kuwa na vimelea damuni si sawa na kuugua malaria kali, na tafiti zilizofuata, zikiwemo zile zilizofanyika Kilifi katika pwani ya Kenya, zimeonyesha kwamba kinga ya mbebaji ni kubwa zaidi dhidi ya malaria kali kuliko dhidi ya kuwepo tu kwa vimelea. Ukibadilisha kinachohesabiwa, marudio yenye sharti nayo hubadilika.

8. Sharti katika ushauri wa familia

Maarifa haya yana faida nje ya maabara. Wazazi wawili wakiwa wabebaji wote, kila mimba ina nafasi nne zilizo sawa: mtoto asiye na jeni, mtoto mbebaji kwa upande wa baba, mtoto mbebaji kwa upande wa mama, na mtoto mwenye ugonjwa, ndiyo maana husemwa kwamba nafasi ya kuzaa mbebaji ni asilimia 50 na ya kuzaa mgonjwa ni asilimia 25. Lakini kijana ambaye ndugu yake ana ugonjwa huo, na yeye mwenyewe amethibitika hana, akitaka kujua nafasi yake ya kuwa mbebaji kabla hajaoa, jibu lake halitakuwa asilimia 50. Sharti kwamba hana ugonjwa limeiondoa nafasi moja kati ya nne, zikabaki tatu, na kati ya hizo tatu mbili ni za ubebaji. Basi nafasi yake ni mbili kwa tatu, au takriban asilimia 66.7. Kijana huyo ana sababu kubwa zaidi ya kupima damu kuliko anavyoambiwa na asilimia ya jumla, na Tanzania, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na seli mundu, ina vijana wengi wa aina hiyo.

Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, kanuni chache zinaweza kushikwa na kila anayeandika au kusoma takwimu. Kwanza, sharti hufuata swali: kundi linalotangulia au linalodhaniwa kuwa chanzo ndilo linalokuwa kigawanyo. Pili, asilimia hulinganishwa kati ya makundi, wala haisomwi peke yake. Tatu, namna watu walivyochaguliwa ndiyo inayoamua jedwali lisomwe upande upi. Nne, sifa ya tatu itafutwe kabla ya hukumu kutolewa. Walimu wa hisabati wangewasaidia wanafunzi zaidi kama wangewapa majedwali ya kweli ya afya, kilimo na elimu, na kuwataka waandike kila jibu kwa sentensi kamili inayoanza na maneno "kati ya". Na wahariri wangewatendea wasomaji haki kama wasingepitisha asilimia yoyote isiyofuatana na idadi iliyohesabiwa na jumla iliyotumika kugawanya. Asilimia isiyosema ni ya nani haistahili kuaminiwa, na haistahili kuchapishwa.